Kupima Maji Gizani

Somo la juma: Matendo ya Mitume 27. Soma sura yote nyumbani kabla ya ushirika wa Jumatano. Ukibanwa na kazi, soma mstari wa 9 hadi 44, lakini usije mkono mtupu.



Ijumaa ya tarehe 3 Mei 2024 Rais William Ruto alihutubia taifa akasema shule hazitafunguliwa Jumatatu ile kama ilivyokuwa imepangwa. Mafuriko ya masika yalikuwa yameshaua zaidi ya watu 200 nchini. Siku chache tu nyuma, tarehe 29 Aprili, maji yalikuwa yameshuka Mai Mahiu usiku na kubeba nyumba pamoja na watu waliokuwa wamelala ndani. Na juu ya hayo yote, baharini kulikuwa na kitu ambacho wengi wetu huku Kitale na Bungoma tulikuwa tunakijua kwa habari za Marekani na Msumbiji tu. Kimbunga, na kilikuwa kinaelekea pwani ya Afrika Mashariki. Jina lake Hidaya.

Usiku huo sisi tulikuwa na kesha. Mama mmoja ambaye binti yake anafanya kazi Mtwapa alisimama akaomba tumwombee, halafu akasema ameshampigia simu binti ahame chumba cha karibu na ufuo aende kwa shangazi yake Mariakani. Ndugu mmoja akamjibu, kwa upole lakini kila mtu alisikia: "Mama, tukishaomba, mbona tena tumhamishe mtoto? Si hiyo ni kumwonyesha Mungu kwamba hatumwamini?" Mama akanyamaza. Wengine wakasema amina. Mimi sikusema amina, na somo hili ni jibu langu kwa ndugu yule, kwa sababu kila mara Idara ya Hali ya Hewa ikitangaza mvua kubwa swali lake linarudi. Je, mtu aliyeokoka akisikia onyo akaanza kufunga mizigo, amekosa imani?

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Kisulisuli tunachokiona Januari kikirusha mabua shambani si ndugu yake; kile hukaa dakika chache kikafa. Kimbunga cha baharini huzaliwa juu ya maji yenye joto, nyuzi 26 hivi na zaidi. Mvuke hupanda, upepo hukimbilia pale kujaza nafasi, na kwa vile dunia yenyewe inazunguka, upepo ule haufiki moja kwa moja bali hupinda na kuanza kuzunguka. Kusini mwa Ikweta huzunguka kama mishale ya saa. Upepo ukifika kilomita 63 kwa saa hupewa jina kutoka orodha ambayo nchi za upande huu wa Bahari ya Hindi zimeichangia. Ukipita 118 unaitwa kimbunga kamili. Hidaya ilipita hapo. Na kama ulijiuliza nani anaita maafa "zawadi", basi jua kwamba jina lilikuwa zamu yake tu kwenye orodha; kabla yake walipita Filipo na Gamane. Hata mabaharia wa Matendo 27 walikuwa na jina la upepo uliowapiga. Waliuita Eurakilo.

Mbona basi Kenya hatuvioni? Kwa sababu ya ule mstari unaopita pale Maseno, ambapo watoto wa shule hupigwa picha mguu mmoja kusini, mmoja kaskazini. Karibu na Ikweta ile nguvu ya kupindisha upepo ni ndogo mno, kwa hiyo kimbunga kinakosa kitu cha kukizungusha. Pwani yetu yote iko karibu sana na mstari huo. Ndivyo Mungu alivyoiumba dunia, na tunamshukuru. Lakini teremka kidogo kusini uone. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar kikang'oa mikarafuu mingi ya Unguja na kuvunja meli za Sultani Barghash bandarini. Tarehe 15 Aprili 1952, miaka 80 kamili baadaye, kingine kikaipiga Lindi. Kwa hiyo anayesema "kwetu hakiji" anasema kuhusu jana. Kesho hajaiona.

Sasa, watu wanajuaje kinakoelekea? Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi huanza kudharau. Satelaiti hukiangalia kutoka juu mchana na usiku. Kituo kilichoko kisiwa cha Réunion ndicho hufuatilia vimbunga vya kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi, kisha Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na Idara yetu hapa Kenya huchukua taarifa zile, hulinganisha na vipimo vyao wenyewe, hutangaza. Ramani wanayochora ina umbo kama tarumbeta. Mdomo wake mwembamba uko pale kimbunga kilipo leo. Kadiri siku zinavyosonga mbele tarumbeta inapanuka, maana kesho wanaijua vizuri, keshokutwa kidogo, na siku ya tano wanajua eneo tu. Kimbunga kinaweza kupita popote ndani ya ile tarumbeta. Mtu akiona mstari wa katikati umepita mbali na mji wake akalala usingizi, hajaisoma ramani.

Ndivyo ilivyokuwa siku zile. Tanzania walitoa taarifa baada ya taarifa, wakasimamisha boti za Dar es Salaam na Zanzibar, wakawaambia wavuvi wasitoke. Huku kwetu fuo za pwani zikafungwa. Jumamosi tarehe 4 Mei Hidaya ikagusa nchi kavu kisiwani Mafia, na kimbunga kikishaacha maji ya moto ni kama gari lililoishiwa mafuta. Ikafa. Lakini mvua iliyobeba haikufa nayo. Ilimwagika kusini mwa Tanzania na barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika.

Jumapili tarehe 5 tukaingia ibadani, na hapo nikasikia shuhuda mbili. Ya kwanza: "Tuliomba, Mungu akakemea kimbunga." Amina, hiyo naipokea kwa mikono miwili. Ya pili, nje pale kwenye pikipiki: "Hawa watu wa hali ya hewa ni waongo, walitutisha bure." Hiyo siipokei. Wenye boti walikaa bandarini, na binti wa mama yetu alilala Mariakani. Kimbunga kikikosa kumuua mtu aliyekuwa ameondoka njiani, hatumwiti aliyemwambia aondoke mwongo. Na wiki mbili tu baadaye kingine, Ialy, kikapanda kaskazini na kupita karibu zaidi na pwani ya Kenya, upepo mkali ukapiga. Aliyekuwa ameamua kwamba wote ni waongo hakuwa na sikio la kusikia mara ya pili.

Sasa tufungue Matendo 27.

Msimu wa kusafiri ulikuwa umepita. Paulo akawaonya, mstari wa 10, kwamba safari ile italeta hasara ya mzigo na meli na hata maisha. Angalia ni nani walimpinga. Nahodha na mwenye meli, watu wa kazi, na walio wengi wakaunga mkono kwa sababu bandari waliyokuwemo haikuwa nzuri ya kukaa majira ya baridi. Kwa lugha yetu: hapa hapapendezi, twende tu. Halafu mstari wa 13 ukavuma upepo mwanana wa kusini, wakaona mambo si ndiyo haya! Wapendwa, upepo mwanana umezamisha watu wengi. Mtu anatazama asubuhi jua limewaka Webuye anasema mvua gani hiyo wanayotangaza, kumbe mvua inayomhusu inanyesha Cherangani.

Muda si muda Eurakilo akashuka. Wakafunga meli kwa kamba kuizungushia. Wakatupa shehena. Siku ya tatu wakatupa vyombo vya meli. Jua hawalioni, nyota hawazioni, na bila nyota baharia wa zamani hana ramani. Hajui aliko wala aendako. Tumaini likaisha.

Ndipo Paulo akapata neno. Malaika alisimama karibu naye usiku akamhakikishia kwamba hakuna hata mmoja atakayepotea, ila meli. Ahadi hiyo. Imetoka kwa Mungu, haina kama wala labda. Niambie, wewe ungefanya nini baada ya ahadi kama hiyo? Wengine wetu tungepanga viti tuanze sifa.

Lakini soma mstari wa 28. Usiku wa kumi na nne, mabaharia wakahisi wanakaribia nchi kavu. Wakateremsha kamba kupima kina. Pima 20. Wakaenda mbele kidogo, wakateremsha tena. Pima 15. Pima moja ni kama urefu wa mtu mzima aliyenyoosha mikono, kwa hiyo bahari ilikuwa imetoka mita 36 hivi ikaja 27. Hakuna aliyeona kitu, giza totoro, lakini hesabu mbili zilitosha kuwaambia kwamba miamba iko mbele. Wakashusha nanga nne upande wa nyuma, halafu wakatamani kuche. Nanga nne, na kungoja asubuhi ya Bwana. Luka aliyeandika alikuwa ndani ya meli ile, na hakuona aibu kuviandika vyote viwili katika mstari mmoja.

Na Paulo? Je, aliwaambia, "Acheni kupima, mnamvunjia Mungu heshima, mimi nimeshaahidiwa"? Wapi! Kinyume chake, mabaharia walipojaribu kutoroka kwa mashua ndogo wakisingizia wanashusha nanga za mbele, ni Paulo aliyemwendea akida akamwambia hawa wasipobaki melini ninyi hamwezi kuokoka. Mtu mwenye ahadi ya malaika mkononi ndiye anayesema meli inahitaji mabaharia. Kisha akawahimiza wale chakula, maana kazi ya asubuhi ilihitaji nguvu. Watu 276 wakafika ufuoni, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Ahadi ilitimia kwa mbao.

Nimeulizwa: mbona Yesu katika Marko 4 alikemea dhoruba ikatulia? Si sisi tumepewa mamlaka? Tumepewa, na naamini. Nimeomba juu ya mvua na nitaomba tena. Lakini Mungu yuleyule aliyetuliza bahari ya Galilaya aliacha Eurakilo apige siku kumi na nne, akawatoa watu wake kwa njia nyingine. Kuchagua njia ni kazi yake. Yesu mwenyewe, aliposimamishwa juu ya kinara cha hekalu na kuambiwa ajitupe maana malaika watamdaka, alikataa. Mtu anayeingia mto uliofurika akisema malaika watanibeba, na ajiulize wazo hilo alilisikia kwanza kwa nani.

Basi sisi huku, zaidi ya kilomita 700 kutoka baharini, vimbunga vinatuhusu nini? Vinatuhusu hata tusipoviona. Machi 2019 mkulima wa Trans Nzoia alikuwa ameshalima, mbolea iko stoo, anangoja mvua. Kimbunga Idai kikaingia Msumbiji karibu na mji wa Beira, kikaua zaidi ya watu 1,000 huko na Zimbabwe na Malawi, na huku nyuma kikavuta unyevu wote uliokuwa uje kwetu. Masika yakachelewa. Mwezi uliofuata Kenneth akaja. Idara ya Hali ya Hewa ilieleza jambo hili redioni. Namjua ndugu wa Kiminini aliyekuwa amepanda kwenye vumbi. Alinunua mbegu mara mbili mwaka ule. Jirani yake aliyesikiliza redio akangoja. Walikuwa wanaabudu kanisa moja, wanaomba ombi moja.

Mwisho wa mwaka uleule bahari upande wetu ikapata joto kuliko kawaida na mvua ikaja kupita kiasi. Usiku wa kuamkia 23 Novemba 2019 milima ilishuka Pokot Magharibi, huko Nyarkulian, Parua na Tamkal, ikafunika zaidi ya watu 40. Hapo ni jirani, barabara ni ya Kapenguria. Na wenzetu wa ng'ambo ya pili ya Elgon, Bududa kule Uganda, wamezika watu kwa namna hiyo zaidi ya mara moja. Eurakilo wa kwetu huvaa matope.

Kwa hiyo tujifunze kupima. Taarifa ikisema mvua ya milimita 20 ndani ya saa 24, usipite kama ni namba ya wasomi. Milimita moja ni lita moja ya maji kwa kila mita moja ya mraba. Nyumba yako ya mabati ya mita 10 kwa 6 itapokea lita 1,200, yaani mapipa sita. Ekari moja itapokea kama lita 80,000. Sasa hesabu ekari zote za mlimani zinazoteremkia Koitobos, Sabwani na Kuywa, ambazo zote humiminikia Nzoia, na Nzoia ikapita Webuye hadi Budalangi. Ndugu zetu wa Budalangi hupata mafuriko jua likiwaka, kwa mvua yetu. Ukiona mto kwako umepanda, mpigie simu mpendwa unayemjua huko chini. Hiyo nayo ni huduma.

Anayeishi kwenye mteremko, Elgon au Cherangani, ana kamba yake ya kupimia. Ufa mpya ardhini juu ya nyumba. Mti au nguzo iliyokuwa wima ikaanza kuinama. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwama. Chemchemi inayobadilika ghafla kuwa tope, au maji kutokea mahali ambapo hapakuwa na maji. Ukiona moja, pima 20. Ukiona mbili, pima 15. Usingoje kuona mwamba. Amka, chukua watoto, ondoka ukiomba. Mwambie mzee wa mtaa na chifu ukiwa njiani.

Mambo mengine mnayajua, nayataja haraka. Vitambulisho, hati ya shamba na vyeti vya watoto vifungwe kwenye mfuko wa nailoni mahali pamoja. Magunia ya mahindi yainuliwe juu ya mbao. Mitaro izibuliwe kabla ya mvua. Simu ijazwe chaji. Radi zikianza, usijikinge chini ya mti; na mtu akipigwa na radi, apelekwe hospitali upesi na tusianze maneno ya nani amemroga. Boda boda akisema maji ni ya magoti tu, mshukuru ushuke. Na video ukitumiwa ya minazi inayovunjika, uliza ni ya lini na ya wapi kabla ya kuirusha kwa kikundi cha kanisa. Siku za Hidaya nilitumiwa moja ikidaiwa ni ya Mombasa, na magari yote barabarani yalikuwa yanapita mkono wa kulia.

Kuhusu kesha nitasema wazi, na wazee wa matawi yote mawili, Kitale na Bungoma, wamekubali lisomwe. Mvua kubwa ikitangazwa au mto ukiwa umejaa, anayelazimika kuvuka mto asije. Aombee nyumbani saa zilezile. Mungu wa madhabahu hii yuko pia ng'ambo ile ya Kuywa. Na ufunguo wa kanisa usikae kwa mtu mmoja anayeishi mbali. Jengo letu ni kavu, liko juu, na usiku wa maji mtu asije akalikuta na kufuli.

Pia katika matangazo ya Jumapili, kuanzia juma lijalo, taarifa ya hali ya hewa ya siku saba itasomwa. Ni dakika mbili. Tangazo la harusi moja huchukua kumi na hakuna anayelalamika. Kila kaunti ina mkurugenzi wa hali ya hewa, na taarifa hiyo ni ya bure.

Soma na Matendo 11:28 hadi 30. Agabo alitabiri njaa. Kanisa la Antiokia halikuishia kusema "tunaikataa kwa jina la Yesu". Kila mtu alitoa kadiri ya uwezo wake, wakatuma Barnaba na Sauli wapeleke Uyahudi, kabla ya njaa kuuma. Sanduku dogo la kijani mlangoni ni la kazi hiyo. Gorogoro moja ya mahindi, blanketi ambalo bado ni zima, shilingi hamsini. Wazee watahesabu kila mwisho wa mwezi mbele ya watu wote.

Maswali ya ushirika wa Jumatano

1. Katika Matendo 27, kila mmoja alikuwa na sababu gani ya kutomsikiliza Paulo: akida, nahodha, mwenye meli, walio wengi? Ni sababu ipi unaisikia zaidi mtaani kwenu?

2. Ahadi ya malaika (mstari wa 23 na 24) na neno la Paulo kwa akida (mstari wa 31) vinapatana vipi? Msikimbilie jibu. Kaeni hapo.

3. Katika ushirika wenu, nani analala karibu na mto au chini ya mteremko? Nani ni mzee au mgonjwa, hawezi kukimbia mwenyewe? Andikeni majina, na mbele ya kila jina andikeni nani atamwendea usiku na kwa njia gani. Karatasi ije kwa mzee wa kanisa Jumapili.